Nilivyochagua leiauti ya kibodi yangu, kiza na mbalamwezi vikaamua

Nina steshenari ndogo Kirumba, Mwanza, pale njia ya kushukia soko la Mwaloni. Nachapa barua, CV, mikataba ya mitumbwi, mahesabu ya watu wa dagaa, yaani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni vidole viko kwenye kibodi, ndo maana hii ishu niliichukulia siriasi kuliko watu walivyodhani. Kibodi yangu ya zamani ilikuwa ile kubwa ya kawaida yenye vitufe 104, A ilishafutika kabisa maana Kiswahili bila A hakiendi, halafu Q na X zinang'aa kama siku naitoa kwenye boksi.

Shida yake ilikuwa upana. Kitufe kimoja cha kawaida kinakula milimita 19.05 kwenye mstari, na ile kubwa kwa upana ni sawa na vitufe 22 na nusu, piga hesabu utapata karibu sentimita 43 hapo bado kava. Meza yangu ni sentimita 80, kushoto printa, kulia mashine ya laminesheni, kwa hiyo mausi ilikuwa inaishi huko mbali pembeni ya mashine ya moto na jioni bega la kulia linauma mpaka nashindwa kuvua shati vizuri. Nikasema basi, naunganisha ya kwangu mwenyewe, nichague kava, bodi, swichi zinazobonyea chini ya kila kitufe na kofia za vitufe, yaani vile vipande vya juu vyenye herufi, na iwe ndogo.

Swichi hazikunisumbua, nilijua nataka zile unazosikia kakikwazo kidoleni katikati ya kubonyeza ila hazipigi kelele, maana mteja anakaa hapo hapo mbele yangu. Na bodi nikataka ya kuchomeka swichi bila kuunga kwa risasi, kwa sababu ya wale wadudu wa ziwani, wakija jioni kwenye taa wanaingia kila tundu, lazima uweze kung'oa swichi usafishe. Mtihani ulikuwa leiauti, yaani mpangilio wa vitufe na vipi vibaki.

Mwanzoni nilipenda sana ile ya asilimia 60, yaani kama asilimia 60 ya ile kubwa, vitufe 61 tu, sentimita 28 na nusu hivi, nzuri kwelikweli mezani. Lakini haina mishale, haina Delete, haina mstari wa F juu, vyote hivyo vinafichwa, unashikilia Fn kwanza ndo unavipata. Kuna ya 65 inarudisha mishale, kuna ya 75 yenye mishale na mstari wa F vimebanana, vitufe kama 84, kuna ya vitufe 87 ambayo ni ile kubwa iliyokatwa namba za pembeni tu. Kila nikiangalia picha natamani zote, nikaona hivi siwezi kuamua kwa macho.

Nikafanya hivi. Nilichukua ile ile kibodi kubwa nikabandika vipande vya seloteipu ya karatasi juu ya kila kitufe ambacho ya 60 haina, halafu nikaweka karatasi pembeni, kila nikibonyeza chenye seloteipu nachora kijiti. Wiki mbili. Siku ya kwanza tu mishale ilijaza mstari mzima wa karatasi, Delete na End zikafuata, na F2 ambayo sikuwaza kabisa, kumbe kwenye Excel nikitaka kusahihisha ndani ya seli kidole kinaenda F2 chenyewe. Namba za pembeni vijiti tisa tu kwa wiki mbili zote! Nikajua jibu limepatikana, asilimia 75, namba za pembeni kwaheri. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa kulipia.

Kesho yake asubuhi akaingia mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, ana dagaa wake anawatoa visiwani. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akaitikia, akaniwekea daftari mezani limevimba, akasema mwanangu leo kazi ipo, kiza kimeanza. Hapo ndo nilishtuka. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, na wakipumzika wao madaftari hayaji kwangu. Wiki zangu mbili za seloteipu ziliangukia humo humo kwenye mbalamwezi! Siku ile nilichapa magunia, bei, ushuru, nauli ya boti, posho za wabebaji, kurasa na kurasa, na kufika saa sita nikaacha kuchora vijiti maana karatasi ilijaa upande wa namba. Nikajaribu kuchapa ukurasa mmoja kwa namba za mstari wa juu, nikakosea mara tatu kwenye safu moja ya ushuru. Tena hiyo ni hela ya mtu.

Kwa hiyo nikarudi nyuma nikafikiria upya. Namba nazihitaji, ila nazihitaji nusu ya mwezi, na nafasi ya mausi naihitaji kila siku. Nikachukua ya 75 pamoja na numpadi inayojitegemea ya vitufe 17, yaani zile namba za pembeni peke yake. Vitufe vya ya 75 ni sentimita 30 na nusu, numpadi saba na nusu na ushee, na uzuri ni kwamba numpadi siyo lazima ikae kulia. Mimi naiweka kushoto mbele ya printa, mkono wa kushoto unapiga namba, wa kulia uko kwenye mausi au kwenye daftari unafuata mstari kwa kidole. Ilinichukua kama wiki mbili mkono wa kushoto kuzoea. Mbalamwezi ikiingia naichomoa naiweka droo.

Jambo moja la kuangalia kama unafuata njia hii, pima kofia kabla hujalipa. Mimi niliagiza seti ya vitufe 104 nikijua inatosha kwa kibodi ya 84, mzigo ukakaa njiani wiki kadhaa, kufika Mwanza nikakuta Shift ya kulia haiingii. Kwenye kibodi kubwa ile Shift ina urefu wa vitufe 2.75, kwenye ya 75 nafasi ni 1.75 tu kwa sababu mshale wa juu umeingia hapo. Muuzaji hakuandika popote. Nilikuja kugundua Caps Lock nayo ni 1.75, nikachukua ya seti nyingine nikaipachika kwenye Shift, ikakaa vizuri kabisa, ila mteremko wake ni wa mstari wa katikati kwa hiyo kidole cha mwisho kinasikia kimo tofauti kila kikigusa. Ukitaka kuepuka hilo tafuta seti ambayo mistari yote ina kimo kimoja, hapo unabadilishana unavyotaka.

Na kuna kitufe kimoja ambacho nisingekubali kipotee kwenye leiauti yoyote ile, ile alama ya juu iliyo kando ya Enter. Huku kwetu majina ya Ng'wana, Ng'washi, Ng'wandu yanaingia dukani kutwa nzima, na kuna leiauti ndogo sana za asilimia 40 ambazo mara nyingi zinaifukia kwenye Fn. Bodi yangu inakubali programu ya VIA, ile ya kubadilisha kazi za vitufe, kwa hiyo kitufe cha juu kabisa kulia ambacho sikuwa na kazi nacho nimekipa kazi ya kuandika Ng'w kwa mpigo mmoja. Juzi mzee mmoja alikuwa anatazama skrini nikijaza barua yake, jina lake likatokea na alama yake mahali pake, akaniambia nitoe kopi mbili.