Mashua ya plastiki kwenye noti ya yuan 20

Miaka mingi nimekuwa nikipakia watalii kwenye dau langu gatini Lamu, nikiwapeleka kwenye magofu ya Takwa na kuwarudisha. Safari hii nikapakiwa mimi.

Kijana wa ndugu yangu anasoma Guangzhou, China. Ijumaa tuliswali Huaisheng, msikiti mkongwe wa mji ule. Mnara wake ni wa duara, mweupe, hauna nakshi yoyote, kimo chake mita 36 hivi. Zamani mto ulipita karibu, na mabaharia waliutumia mnara huo kuijua bandari, kama sisi tunavyouangalia ule wa Shela tukitoka bahari kuu. Siku hizi mto umesogea, na maghorofa yameuzunguka mnara. Ningekaa pale hadi magharibi, lakini kijana hakunipa nafasi. “Ami, bado hujaona kitu.”

Tukapanda treni ya kasi. Saa tatu hazikutimia tukawa Guilin, mimi ambaye kutoka Mokowe hadi Mombasa hunichosha siku nzima. (Ukuta Mkuu sikwenda. Uko kaskazini kabisa, na magoti yangu nayajua.)

Huko Xingping, ukingoni mwa Mto Li, kila mtu ameinua noti ya yuan 20. Ukiigeuza nyuma utaona mto huo huo na vilima hivyo hivyo. Ni vilima vya mawe ya chokaa, mvua imevila miaka na miaka hadi vikabaki vimechongoka kama vichuguu. Wachoma chokaa wetu wangelia wakiona mali yote ile imesimama bure. Nenda alfajiri, ukungu ungali umetanda. Ikifika saa nne mabasi yamemwaga watu, hapafai tena.

Tuliambiwa tutapanda chelezo cha mianzi. Nikainama, nikagonga kwa kidole: plastiki! Mabomba ya maji yamefungwa pamoja, omo limekunjwa juu, mashine iko tezini. Lakini yule mama aliyetuendesha ni nahodha kwelikweli. Penye maji machache alikuwa akiinua rafadha bila hata kuangalia.

Kisha mzee mmoja na minandi wake wawili. Zamani ndege hawa walivua samaki, shingo imefungwa uzi wasiwameze wale wakubwa. Sasa kazi yao ni picha. Sijatoa simu mfukoni, mzee kashanyoosha mkono. Kijana akakasirika, akasema huu ni utapeli. Mimi nikamlipa. Nina tanga kuukuu ambalo hulipandisha wageni wakishika kamera tu, na chini mashine inavuma.

Mzee akaniwekea mti wake begani, ndege mmoja huku, mmoja kule. Wazito, wanatiririka maji, wananuka samaki. Mmoja akanigeuzia jicho la kijani, akanitazama kama mdeni wake.

Picha ikatumwa nyumbani. Mke wangu akajibu kutoka Langoni: “Mnandi umemfuata China? Wa mkondo wetu wa Mkanda hawakukutosha?”