Yule Yule, Nani, na wa Nani

Nairobi, Jumapili usiku

Kiswahili kina maswali matatu ambayo fomu zetu huyabana ndani ya neno moja, utambulisho. Wewe ni yule yule? Wewe ni nani? Wewe ni wa nani? La kwanza hujibiwa kwa kidole. La pili hujibiwa kwa jina. La tatu mwenyewe hawezi kulijibu peke yake, lazima wapatikane watu wa kusema, "Naam, huyu ni wetu." Wiki hii nzima nimekuwa nikiyawaza, maana naona ugomvi mwingi wa mjini hapa, kwenye madirisha ya usajili na kwenye vikao vya mazishi, huzuka pale mtu anapoulizwa swali moja akajibu jingine.

Neno lenyewe linafundisha likitazamwa vizuri. Kitenzi ni tambua, na ukikinyambua unapata tambulika, tambulisha, tambulishana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokamilika na mtu mmoja, kwa sababu pakiwa na anayetambuliwa sharti pawe na anayetambua. Halafu ngeli nazo zinasema. Kitambulisho kimo katika KI-VI pamoja na kikombe na kiti: kinapotea, kinaibwa, kinachapishwa upya. Utambulisho umo katika ngeli ya U, pamoja na utu, uzee na upole. Ukipoteza kitambulisho unakwenda kituo cha polisi kuchukua abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba umekipoteza, kisha unaomba kingine. Utambulisho hauna abstrakti.

Wazee wengi wa Nairobi bado wanakiita kitambulisho kipande, na jina hilo limebeba historia nzito. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyabeba Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga ukoloni. Alipokamatwa Machi 1922 umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi, na tarehe 16 ukapigwa risasi. Muthoni Nyanjiru ni mmoja wa waliouawa. Wanawake hawakuingizwa katika usajili hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne daftari la serikali lilikuwa na jibu kuhusu nusu tu ya watu wazima. Nikisikia mtu akisema kadi ni kadi tu, hukumbuka kile kikopo.

Sasa hilo swali la kwanza, la yule yule. Mistari ya vidole hujichora mtoto angali tumboni na haibadiliki mpango wake hadi uzeeni. Hata mapacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili hawachangii alama moja. Wanaozisoma huzigawa katika maumbo makuu matatu: vitanzi, ambavyo ndivyo vingi zaidi, kisha mizunguko, na matao ambayo ni machache. Kuzichukua kwa wino kuna ufundi wake. Kidole huviringishwa mara moja tu, kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili. Kidole gumba huelekezwa mwilini na vile vinne vingine huelekezwa nje, kwa sababu huko ndiko mkono unakolegea wenyewe. Aliyechukuliwa akisaidia kusukuma, alama huteleza. Wino ukizidi, mifereji kati ya mistari hujaa na karatasi hubaki na doa jeusi. Jasho nalo hufanya wino ukatae kushika. Na kuna vidole ambavyo vimelika: vya fundi wa mjengo anayeshika saruji bila glavu, vya mama anayefua nguo za watu kwa sabuni kali kila siku, vya mkongwe ambaye ngozi yake imekuwa nyembamba. Dawa yake si kubonyeza kwa nguvu, kwani hapo mistari iliyobaki husagika zaidi. Mikono huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, hukaushwa vizuri, hupakwa mafuta kidogo kisha hupanguswa, na mwenye kazi ya saruji ni heri apumzishe vidole siku kadhaa kabla ya kwenda. Ngozi hujirudisha.

Lakini kidole kinajua jambo moja tu: huyu ndiye tuliyemsajili siku ile. Hakijui jina. Kama siku ile liliandikwa jina lisilo lake, kidole kitalitolea ushahidi jina hilo maisha yake yote bila kuyumba.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa gari la matatu. Chukua gari la abiria 33 lililojengwa bodi juu ya chesisi ya lori la Isuzu. Baada ya miaka mitatu bodi inapigwa upya, michoro na lile jina la kwenye kioo vinabadilika, viti vinang'olewa, injini inaingizwa nyingine. Abiria wa njia hiyo wataapa kwamba ni gari jipya. Kwenye karatasi ni lile lile, kwa sababu namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, haijaguswa. Mnunuzi anayejua kazi haanzi na rangi. Anainama, anatafuta namba kwenye fremu, anapangusa grisi kwa kitambaa chenye petroli, kisha anaisoma herufi kwa herufi akilinganisha na kitabu cha gari. Anapitisha kidole juu yake. Chuma kilichosagwa kwa tupa na kugongwa tena huwa na bonde dogo, herufi hazikai mstari mmoja, au pana alama ya kuchomelea pembeni. Magari yaliyotumika Japani na kuletwa huku mara nyingi huwa na namba fupi kuliko zile herufi 17 za kwingineko, kwa hiyo ufupi peke yake usimtie mtu hofu. Injini ikibadilishwa, namba yake mpya lazima iingizwe kwenye kumbukumbu, la sivyo gari linakuwa na majibu mawili kwa swali moja.

Binadamu hana chesisi. Seli zake zinabadilika, sura inabadilika, dini inaweza kubadilika, hata lugha anayoota nayo. Ndiyo maana serikali imeng'ang'ania vidole, na ndiyo maana kidole hakitoshi.

Jina lina uzito mwingine. Nairobi ni mji ambamo majina yanasomwa kama saa na kalenda. Kwa Wajaluo, Otieno na Atieno ni wa usiku, Okinyi na Akinyi wa asubuhi, Ochieng' na Achieng' wa jua likiwa kali, Odhiambo na Adhiambo wa jioni, Okoth na Akoth wa mvua. Opiyo ni pacha wa kwanza na Odongo wa pili. Kwa Waluhya, Wafula na Nafula huzaliwa wakati wa mvua, Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wakati wa kiangazi, na Wanjala alikuja njaa ikiwapo. Kwa Wakikuyu jina halimngoji mtoto azaliwe. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba, wa pili ni wa nyanya mzaa mama. Kwa hiyo mtoto akiitwa, anaitwa pamoja na mwingine aliyemtangulia. Unauliza "ni nani" na jibu linalorudi ni la "wa nani".

Na hapa ndipo kialama kidogo kinapoleta mashaka makubwa. Ng' ya Ochieng' ni ile ya ng'ombe na ya kung'aa. Ile alama ya juu ni sehemu ya tahajia, na ukiiondoa sauti inabadilika. Kompyuta nyingi haziikubali. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ochieng', kitambulisho kinasema Ochieng, cheti cha mtihani kimeweka nafasi tupu katikati. Vivyo hivyo kwa Mohamed, Mohammed na Muhamad, na kwa majina matatu yaliyopangwa kwa mfuatano tofauti. Mtu ni mmoja, karatasi zinasema ni watatu, na siku ya kudai pensheni au mirathi ndipo inapojulikana.

Kuna njia mbili za kurekebisha, na watu wanazichanganya. Kama jina ni lile lile ila limeandikwa tofauti, panatosha hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Hati hiyo iorodheshe kila umbo la jina jinsi lilivyoandikwa, na mbele ya kila umbo iandikwe aina ya cheti na namba yake. Nakala ziambatishwe na zigongwe muhuri pamoja na kiapo, kisha itamkwe wazi kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kosa la kawaida ni kuandika maumbo mawili na kusahau la tatu, na hilo la tatu ndilo litakaloulizwa. Kama unataka jina jipya kabisa, hati ya kiapo haikufikishi. Hapo unahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, tangazo litoke katika Gazeti Rasmi la Serikali, na baada ya hapo ndipo kitambulisho kibadilishwe. Anayebadilisha kitambulisho kwanza na kuacha vingine nyuma amejiongezea jina jingine la kueleza. Ushauri wangu ni mfupi: siku ya kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kisome hapo hapo dirishani, polepole, kabla hujakikunja.

Swali la tatu ndilo linaloumiza. Mnairobi akiulizwa anakaa wapi atasema Umoja au Kawangware. Akiulizwa nyumbani ni wapi, atataja ushago, hata kama analala huko siku nne tu kwa mwaka. Hakuna uongo katika majibu hayo mawili. Kesi ya S. M. Otieno iliwaweka Wakenya wote mbele ya tofauti hiyo. Alikuwa wakili wa jijini, akafariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano. Upande mmoja ulikuwa ukisema yeye alikuwa nani: alivyoishi, alivyolea watoto, alivyochagua. Upande wa pili ulikuwa ukisema yeye alikuwa wa nani. Mahakama ikaupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Naamini mjane aliulizwa swali ambalo hakulileta mahakamani, na hilo bado linanisikitisha.

Kuna watu ambao swali hili limewafungia mlango hata kabla ya jina na kidole. Wanubi wa Kibra, mtaa wa hapa Nairobi, ni wazao wa askari waliotoka Sudan na jeshi la Mwingereza. Kibra kwa lugha yao ni msitu. Vizazi kadhaa vimezaliwa hapo hapo, lakini kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 alihitajika kupita mbele ya kamati ya wazee na kuleta karatasi za babu, hatua ambayo kijana wa jirani yake hakuwahi kuisikia. Wasomali Wakenya nao walipitishwa humo humo. Februari 2025 rais alitia saini tangazo mjini Wajir la kuondoa uchunguzi huo wa ziada. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walifunga safari hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai watambuliwe, na 2017 wakahesabiwa kabila la 43. Neno lililotumika magazetini lilikuwa lile lile, kutambuliwa. Walikuwa wanajijua miaka yote hiyo. Aliyekuwa anakosekana ni yule mtu wa pili wa kitenzi.

Katiba ya 2010, ibara ya 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Lile "mama au" lilibadilisha maisha ya watoto wengi waliokuwa wakiulizwa baba tu.

Na kabila? Upande wa mbele wa kadi iliyozoeleka una jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, wilaya ya kuzaliwa, mahali na tarehe ya kutolewa. Kabila halimo. Katika daftari nyuma ya kadi limo, kwa sababu Sheria ya Usajili wa Watu, sura ya 107, imeitaja miongoni mwa mambo ya kuandikwa. Wengi hawajaisoma, wala hawajaona jinsi ilivyosema: kabila au asili *aliyoitaja* mwenyewe. Karani hana kipimo cha kulipima. Kijana wa Buruburu ambaye mama yake ni Mkamba na baba yake Mgiriama, anayezungumza Kiswahili na Sheng' tangu utotoni, anafika kwenye mstari huo na kalamu mkononi. Mara nyingi huandika la baba, kwa mazoea, au hungoja karani ambaye ameshasoma jina la tatu na kujaza. Katika sensa ya 2009, zaidi ya watu 600,000 walipoulizwa kabila walijibu Mkenya, na jibu likaandikwa kama lilivyotolewa.