Bodi haijafa, kadi moja ndo haijaamshwa

Leo nimeshinda na laptopu ya binti wa jirani hapa Nkuhungu. Anasoma UDOM, anachora nyumba kwenye Blender, kaja mnyonge kabisa, "shikamoo kaka, fundi kasema bodi imekufa, ninunue nyingine." Nyingine kwa hela ipi? Baba yake analima zabibu Hombolo na hii yenyewe ni mtumba wa Kariakoo, wamejinyima kuipata. Imeniuma.

Dalili zenyewe: kuandika na kuangalia video haina shida, ila akifungua mchoro picha inasogea kwa kukwama, na akichomeka HDMI kwenye projekta hakuna kitu. Hizo mbili zikija pamoja mi nawaza kadi mbili za picha, vile vifaa vinavyochora kinachoonekana kwenye skrini, kabla ya kuwaza bodi. Maana laptopu za namna hii zina kadi ndogo ya Intel ndani ya prosesa, inakula umeme kidogo, halafu kuna kubwa ya NVIDIA ya kazi nzito, mpango walioutoa 2010 wakauita Optimus. Sasa kwenye nyingi, skrini imeungwa kwa Intel peke yake, kadi kubwa inachora halafu inampa Intel aonyeshe, kama mpishi asiyetoka jikoni, wateja wanamuona mhudumu tu. Lakini tundu la HDMI mara nyingi limeungwa moja kwa moja kwa kadi kubwa. Kwa hiyo kubwa ikikosa draiva, yaani programu ya kuiendesha, Blender inaelemea Intel na projekta inabaki giza.

Anatumia Ubuntu, mfumo wa Linux. Nikaandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, kadi zote mbili zikajitaja. Hapo nikamwambia mdogo wangu tulia, kadi iliyokufa kabisa kwa kawaida haijitaji. nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi ya NVIDIA, ikasema haiwezi kuongea na draiva, wakati draiva ipo, mtu alishaiweka, na ikishawekwa inaizuia ile nyingine ya chanzo wazi, nouveau, isifanye kazi, kwa hiyo kadi haina hii wala ile. Nikajaribu kuipakia kwa mkono, sudo modprobe nvidia, jibu likaja kwamba ufunguo umekataliwa. Basi, Secure Boot hiyo! Mashine inakataa draiva ambayo sahihi yake haijaitambua.

Wengi wanashauri uzime Secure Boot, mi sipendi, ni ulinzi wa mashine ya mtu. Nikasajili ufunguo uliosaini draiva hiyo kwa mokutil --import, nikaweka nywila, nikawasha upya. Hapa ndo watu wanapopotelea: inatokea skrini ya bluu inayosubiri sekunde 10 hivi ubonyeze kitufe chochote, usipobonyeza inaendelea kuwaka kawaida na usajili haujafanyika, na kama hukuambiwa utadhani umeshamaliza. Tukabonyeza, tukachagua Enroll MOK (sajili ufunguo), nywila, ikawaka. nvidia-smi ikaleta jedwali lake lote na HDMI ikatoa picha kwenye TV ya sebuleni, binti akapiga vigelegele.

Nikamwekea sudo prime-select on-demand, yaani Intel ashike kazi za kawaida na NVIDIA aitwe kwa Blender tu. Ungeweza kuweka nvidia moja kwa moja, lakini betri itaisha haraka na huku umeme ukikatika unategemea betri hiyohiyo. Pia ndani ya Blender kwenye mipangilio nikachagua CUDA, njia ya kukokotoa kwa kadi ya NVIDIA, bila hivyo Cycles, sehemu ya Blender inayotoa picha kamili, inaendelea kukokotoa kwa prosesa hata kama draiva iko sawa.

Nimekaa nikawaza watu walivyoteseka na hiki kitu kwenye Linux. 2012 kule Finland, Chuo Kikuu cha Aalto, mtu alimuuliza Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, kuhusu Optimus hiihii, akaitukana NVIDIA mbele ya kamera. Watu wa kujitolea walikuwa wameshatengeneza Bumblebee, programu ya kuitumia kadi kubwa kwenye Linux, ili wasogeze siku, na NVIDIA wenyewe wakaja kuleta njia yao rasmi ya kumkabidhi kadi kubwa programu moja moja 2019, draiva 435. Miaka yote hiyo! Kwa hiyo fundi wa mtaani akikwama hapa simshangai, ninachokikataa ni kumwambia mtoto wa mkulima anunue mashine mpya kabla hata ya kuandika lspci, ambayo haili hata bando.

Kesho analeta ya mwenzake, hiyo kadi zote mbili ni AMD, haina hayo mambo ya prime-select, nitaanza na DRI_PRIME=1, ya kuomba kadi ya pili ichore, nione glxinfo inataja kadi ipi ndiyo inayochora.