Uzoefu wangu: tulivyowachangia wahanga wa kimbunga Freddy wa Malawi kutoka Ngamiani bila kusafirisha hata kiroba kimoja

Likitokea janga nchi ya jirani, ushauri wa kwanza utakaoletewa ni "kusanyeni nguo". Ushauri huu nimeuchoka. Mwaka 2023 nilipewa na watu wa heshima zao, wengine wamesoma kunizidi, na kama tungeufuata michango ya mtaa wetu ingeishia kuoza kwenye stoo ya mtu huko mpakani Kasumulu. Sisi akina mama wa kikoba hapa Ngamiani, Tanga, tuliwachangia Malawi pesa taslimu, kwa njia halali, na risiti tunayo. Naandika kwa sababu najua wapo wengi wenye moyo wa kutoa ila hawajui waanzie wapi.

Kimbunga chenyewe wengi mtakikumbuka. Kilianzia upande wa Australia mwanzoni mwa Februari, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska, kikaingia Msumbiji, kikarudi baharini, halafu Machi kikaingia Msumbiji mara ya pili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekitambua kuwa ndicho kimbunga cha kitropiki kilichodumu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa, siku 36. Malawi ilinyeshewa kuanzia Machi 12. Pale Blantyre udongo wa mlima Soche uliporomokea nyumba za Chilobwe usiku, watu wamelala. Waliohesabiwa kufa Malawi ni 679, wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena, na zaidi ya watu 650,000 walihama makwao. Yote hayo yaliwakuta katikati ya kipindupindu kibaya kuliko vyote katika historia ya nchi yao.

Habari zilipita tu mtaani kwamba kikoba kinataka kufanya jambo. Hata kikao hatujakaa, baraza yangu ikajaa viroba vya nguo. Watu walileta kwa mapenzi, nami siwezi kumrudisha mtu mlangoni na sadaka yake. Lakini nilikaa na daftari nikapiga hesabu. Kutoka Tanga mpaka Blantyre ni karibu kilomita 2,000. Dereva mmoja wa fuso alitaja milioni na kitu kutufikisha mpakani tu. Bado karatasi za forodha, bado gari la upande wa pili, bado mtu wa kupokea. Nguo zote zile, ukiziuza kwa bei ya mnada, hazifiki nusu ya nauli yake! Na aliyepoteza nyumba, kitu cha kwanza anachohitaji ni maji yasiyo na vimelea, halafu chakula, turubai na dawa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 kule Aceh, Indonesia, nguo za msaada zilirundikana mpaka zikawa takataka ambazo wenyeji waliokuwa na maiti za kuzika wakapewa na kazi ya kuziondoa. Nilieleza hivyo kwenye kikao. Bwana mmoja tuliyemwalika atushauri akasema nawavunja watu moyo. Nikamwambia kaka, moyo wa watu ndio ninaoulinda.

Ufumbuzi ulitoka kwa kijana anayeuza mitumba Mgandini. Nilimwita aje azinunue zote kwa mkupuo. Akapekua viroba viwili, akasimama.

"Shangazi, mimi nikikununulia leo nitakupunja. Hizi za watoto usiuze sasa. Subiri."

"Nisubiri nini, mwanangu, na wenzetu wako kwenye matope?"

"Pasaka hii hapa, na Idi iko nyuma yake. Mzazi akiona gauni zuri wiki ile habishani bei."

Kijana yule Mungu amzidishie. Mwaka ule Ramadhani iliikuta Kwaresma, Pasaka ikawa Aprili 9 na Idi wiki mbili mbele. Tukazichambua nguo kwa mafungu matatu: za watoto, za wakubwa, na zile za kukatia matambara, ambazo mafundi wa gereji walizichukua zote. Za watoto tulizifua upya, tukazipiga pasi, tukarudishia vifungo. Kuna kanzu ndogo ya mtoto wa kama miaka minne ilikuja na doa la mafuta kifuani. Mwenzetu mmoja akalipaka unga wa muhogo usiku kucha, asubuhi akaifua kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Doa likatoka. Kanzu ile peke yake iliuzwa bei ya mashati manne ya wakubwa. Na doti za khanga, kumbe watu walikuwa wametoa nyingine hazijakatwa pindo! Hizo tuliziweka za mwisho, tukazinadi Jumapili jioni, bei zikapanda zenyewe.

Jambo la pili lililotubeba ni ubao. Tuliomba ubao mkuukuu wa shule, tukautundika pale kwenye baraza la kahawa, tukaugawa kwa chaki sehemu mbili, barabara yetu na barabara ya jirani. Kila usiku baada ya tarawehe mweka hazina alikuwa anaandika jumla mbele ya watu, na chini yake matumizi, hata ya sabuni na mkaa wa pasi. Tulianza na kiasi kidogo tu. Siku ya tatu hivi, wazee wa barabara ya jirani wakaona wameachwa nyuma. Mzee mmoja akanyanyuka na kikombe chake mkononi, akasema haiwezekani, akatoa noti pale pale, na wenzake wakafuata. Kesho yake wa kwetu wakajibu. Muuza kahawa naye akatangaza mauzo ya usiku wa Alhamisi yote ni ya Malawi. Watu ambao nilishawahi kuwapitia mlango kwa mlango wakaniambia hali ngumu, walitoa kwenye ubao. Mtu akiona pesa ya jana imeandikwa na bado ipo, ya leo anaitoa bila kusukumwa. Kama kikundi chenu kitachukua kitu kimoja kwangu, chukueni ubao.

Pingamizi lilikuwepo. "Hapa kwetu hakuna wenye shida?" Wapo, na kikoba chetu kinawajua kwa majina. Lakini tetemeko la Bukoba la Septemba 2016, Kenya ilituletea mabati, magodoro na mablanketi, hakuna Mkenya aliyesema kwanza amalize shida za Kenya zote. Na Malawi tunapakana nao, tunagawana ziwa.

Kuhusu kupeleka, hapo ndipo penye wizi, kwa hiyo fungueni macho. Kwenye magrupu ya WhatsApp ilizunguka namba ya simu yenye picha ya mtoto analia, imeandikwa changia Malawi, tuma na ya kutolea. Nilijaribu kutuma shilingi mia tano ili jina litokee. Likatoka jina la mtu binafsi, nikasitisha muamala. Sisi tulichagua Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, ambacho kimeundwa kwa sheria ya Bunge tangu 1962, kwa sababu vyama hivi viko karibu kila nchi, Malawi wanacho chao, na wale wa Malawi ndio waliokuwa tayari ndani ya matope na mitumbwi wakiokoa watu. Watu wa pale hawahitaji kuonyeshwa njia, wanahitaji kuwezeshwa. Pesa inafika ikiwa pesa, wananunua dawa ya kutibu maji na unga huko huko, na mfanyabiashara wa kwao naye anapata kuinuka. Viwango vya misaada vinavyofuatwa duniani vinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, yaani pungufu ya ndoo moja kubwa, ya kunywa, kupikia na kuoga. Niliwaonyesha wanakikundi ndoo yenyewe, nikaimwaga robo. Kikao kikanyamaza, halafu mchango ukaanza upya.

Kibali msikisahau. Kuchangisha hadharani bila barua kunaweza kuwaletea kesi. Sisi tulianzia kwa mtendaji, akatupeleka kwa afisa maendeleo ya jamii, tukaandika barua yenye lengo, muda na majina ya watia saini watatu. Pesa hazikulala nyumbani kwa mtu, zilikuwa zinaingia akaunti ya kikundi kila baada ya siku mbili tatu.

Tulifunga siku chache baada ya Idi. Jumla ilipita milioni mbili na nusu. Kuna walioniambia tumechelewa. Hatukuchelewa. Freddy alipiga mahindi yakiwa shambani karibu na kuvunwa, watu wakabaki kwenye kambi na madarasa ya shule wakati kamera zimeshaondoka, na mwezi ule wa pili baada ya janga ndio ambao wachangiaji huwa wameshasahau. Nakala ya risiti tuliibandika kwenye ule ule ubao, ikakaa mpaka karatasi ikageuka rangi.

Desemba mwaka ule ule matope yalipoufunika mji wa Katesh kule Hanang, hatukuitisha kikao kirefu. Akaunti ipo, watia saini wapo, barua tulibadilisha tarehe na jina la mahali tu. Nguo sasa tunazipokea Shaabani, tunazifua na kuzihifadhi, na mauzo yake yanangoja kwenye akaunti.