Nakshi za Makumbusho Zinapohamia Kwenye Zulia

Kutengeneza mazulia na vitambaa kwa kufuata nakshi za kale ni kazi inayowavutia wabunifu wengi wa Kampala, nami ni mmoja wao. Kikundi chetu kina wabunifu wanaochora, wafumaji wanaotumia vitanda vya mbao vya kufumia, na akina mama wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, wanaosuka mikeka na tabaga, vile vifuniko vya chakula vyenye rangi kali vya Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan. Wanaotuuliza habari za kazi hii hudhani kwamba mbunifu huenda makumbusho, akapiga picha ya kapu, akaichora upya kwenye kompyuta, kisha akampelekea mfumaji aifuate mstari kwa mstari. Kwa njia hiyo zulia hupatikana, lakini mara nyingi huwa zulia baya, na sababu ya ubaya wake ndiyo ninayotaka kuieleza.

Hazina ya kale tunayo, tena si haba. Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908 huko Old Kampala, na jengo lake la sasa, lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May, lilifunguliwa mwaka 1954. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937 na baadaye akawa msimamizi wa makumbusho hayo, alitoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kinachoitwa Tribal Crafts of Uganda mwaka 1953. Kwa mbunifu, thamani ya kitabu hicho haimo katika picha peke yake, bali katika jitihada ya kueleza jinsi kila kitu kilivyotengenezwa. Hata hivyo kina upungufu unaofanana na ule wa hazina nyingi za wakati wa ukoloni: vitu vinatajwa kwa makabila, na jina la mwanamke aliyekaa akasuka halimo. Tabia hiyo imerithiwa na maduka yetu, ambako mteja huambiwa kwamba nakshi fulani ni ya Ankole au ya Bunyoro, kana kwamba Ankole nzima ilishika sindano moja.

Sasa nije kwenye ugumu wenyewe. Nakshi ya mkeka haichorwi juu ya mkeka. Huzaliwa na namna ukindu unavyopishana. Msusi husuka ukili, utepe mrefu ambao ndani yake kila jani hukimbia mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, kisha huziunganisha kili hizo kwa kuzishona ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upate upana wake. Akiingiza majani ya rangi kwa mpangilio fulani, rangi hiyo haiwezi kwenda wima wala mlalo. Itakwenda mshazari, igonge ukingo, irudi, na hivyo kufanya misumeno na vidirisha tunavyovijua sote. Kapu na tabaga hufuata kanuni nyingine kabisa. Hapo msusi huanzia katikati, huzungusha kiini cha nyasi, na hukifunga kwa mishono inayoongezeka kila duara linapopanuka, kwa hiyo pembetatu inayoonekana kwenye tabaga ni hesabu ya mishono iliyoongezwa kila mzunguko.

Zulia la mafundo halina mshazari wala mzunguko. Lina nyuzi za mtande zinazosimama, za mshindio zinazolala, na mafundo yanayofungwa kwenye mtande safu kwa safu, kama karatasi ya hesabu yenye vyumba vya mraba. Ukilazimisha pembe ya tabaga iingie humo kwa kuinakili tu, mistari yake hugeuka ngazi zenye vidato visivyolingana. Ipo dawa inayojulikana, nayo ni kuongeza mafundo, lakini dawa hiyo ni ghali. Zulia lenye mafundo 36 kwa kila inchi ya mraba humpa mbunifu nukta zenye upana wa zaidi kidogo ya milimita 4. Likiwa na mafundo 100, nukta hupungua hadi karibu milimita 2.5. Kwa zulia la mita 2 kwa 3, tofauti hiyo ni kati ya mafundo yapatayo 335,000 na 930,000. Mfumaji akifunga mafundo 6,000 kwa siku, la kwanza litamchukua siku 56 hivi na la pili siku 155. Mbunifu anayeongeza vidoa vidogo kwenye mchoro wake jioni moja anaongeza miezi ya kazi kwenye mgongo wa mtu mwingine, na ingefaa ajue hilo kabla hajaipenda mno kalamu yake.

Tulipopeleka Bombo mchoro wa zulia la kwanza lililotokana na tabaga, mama mkubwa wa wasusi, ambaye sote tunamwita Hajati, aliugeuza mara mbili akauliza, "Mwanangu, hii inaanzia wapi?" Lilikuwa swali la kiufundi kabisa. Kwake nakshi ni lazima iwe na mwanzo, kwa maana kila mshono huhesabiwa kutoka ule uliotangulia, na mchoro wetu ulikuwa umeanza pande zote kwa pamoja. Alichofanya ni kumwita mfumaji wetu, wakakaa mkekani na tabaga katikati yao, akamsomea hesabu: hapa unaongeza mmoja kila upande, hapa unapumzika mzunguko mmoja, hapa unaongeza tena. Mfumaji aliiandika hesabu ile kwa mafundo badala ya mishono. Pembe zilizotoka kitandani hazifanani sana na zile za picha, kwani zimerefuka na zina vidato, lakini vidato vyenyewe vinakwenda kwa mpigo mmoja, na mtu wa Bombo akiziona anazitambua mara moja. Mchoro wa kompyuta tuliuweka kando. Tangu hapo utaratibu wetu ni kwamba msusi na mfumaji hukutana kwanza, na mbunifu huchora baada yao, kazi yake kubwa ikiwa ni kuamua ukubwa, nafasi tupu, na nakshi ipi ikae karibu na ipi.

Wenzetu wa nje huleta mfano wa Ulaya, nao una mafunzo yake, ila si yale wanayoyadhania. Anni Albers, aliyejiunga na Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, mwaka 1922, aliacha michoro ya mazulia ambayo imeweza kufumwa upya miaka mingi baadaye. Yeye alikuwa mfumaji. Alipoweka mraba wa rangi kwenye karatasi alikuwa tayari anafikiri kwa mtande na mshindio, kwa hiyo mchoro wake ni agizo ambalo kitanda kinalielewa. William Morris, mbunifu Mwingereza, naye kabla ya kuwaagiza wengine, aliweka kitanda cha kufumia ndani ya chumba chake cha kulala huko London mwaka 1879 ili ajifunze kwa mikono yake. Hazina yetu si ya maagizo ya aina hiyo. Ni ya vitu vilivyokamilika, vilivyotengenezwa kwa ufundi mwingine na mali ghafi nyingine, na anayeweza kulisoma agizo lililofichika ndani yake ni yule anayejua kukisuka kitu hicho leo.

Rangi nazo zina udanganyifu wake. Vitu vya kusukwa vilivyokaa kwenye mwanga kwa miongo mingi huchujuka, hasa vilivyotiwa rangi za viwandani, na hubaki na ukahawia na manjano ya majani makavu. Mbunifu huuona ukahawia huo, huupenda, na kuuita rangi ya asili ya Kiafrika. Nyumba za kisasa nazo huupenda kwa kuwa haugombani na makochi ya kijivu. Lakini ukikigeuza kitu hicho, ukatazama upande wa ndani au sehemu iliyofunikwa na mshono, unaweza kukuta zambarau, kijani, na waridi kali. Tabaga kuukuu ambalo Hajati hulitunza sandukuni lina waridi ambalo mteja mmoja, bila kujua umri wake, alilikataa kwa hoja kwamba ni la kisasa mno. Mimi ningependa tuuze zambarau. Katika kikundi wapo wanaosema kwamba tuuze kinachonunuliwa, nao si wajinga.

Kuhusu lubugo sitasema mengi. Ni kitambaa kinachopondwa kutoka kwenye gome la mti wa mutuba, na UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005 na kuuingiza katika orodha yake mwaka 2008. Tunautumia ukutani na kwenye mapazia mazito, si sakafuni, kwa sababu hauhimili kukanyagwa wala kuloweshwa mara kwa mara. Mistari myembamba inayoonekana juu yake imeachwa na mifereji ya nyundo za mbao, na picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe huifuta kabisa, hivyo asiyewahi kuushika lubugo huuchora kama kitambaa laini.

Limebaki suala la malipo. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, hesabu ambayo haina pa kuanzia pale ambapo kapu halina jina la mtu. Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa mwaka 2010 na nchi za ARIPO, shirika la haki miliki la kikanda barani Afrika, huitambua jamii kuwa mwenye haki juu ya sanaa zake za jadi, na hilo liko karibu zaidi na hali yetu, lakini jamii haiji karakana kusaini risiti. Sisi tumekubaliana kwamba lebo ya kila zulia iwe na majina ya msusi, mfumaji na mbunifu kwa herufi zenye ukubwa mmoja, na kwamba msusi aliyetoa hesabu apate fungu katika kila zulia linaloifuata hesabu hiyo, si ujira wa siku ile moja tu. Kwa nakshi za ukili ambazo kila msusi wa Bombo anazijua, fungu huingia kwenye mfuko wa wasusi wote. Mfumaji wetu mmoja hajaridhika na mgawanyo huu. Anasema kwamba kuigeuza mishono kuwa mafundo ni utunzi pia, na kwamba zulia la pili likifumwa na mtu mwingine kwa karatasi aliyoiandika yeye, naye alipwe. Hoja yake naiona ina haki, na tumeiweka ya kwanza katika ajenda ya kikao kijacho, kabla ya kupokea oda nyingine.