Nilivyoielewa kruza ya tani 10,000 kwa kuipimia chuma mwenyewe

Kwa muda mrefu nilisoma habari za manowari za kati ya vita viwili vya dunia na kubaki na swali lilelile. Mkataba wa Washington, uliotiwa saini tarehe 6 Februari 1922, uliwapa Waingereza, Wamarekani, Wajapani, Wafaransa na Waitalia kipimo kimoja cha kruza, yaani manowari ya ukubwa wa kati yenye kasi: isizidi tani 10,000, na mdomo wa mzinga wake usizidi upana wa inchi 8. Kipimo ni kimoja, ila meli zilizotoka hazifanani. Moja ina mizinga minane, nyingine kumi. Moja imevaa deraya, yaani mabamba ya chuma ya kinga, ya milimita 150 ubavuni, nyingine karibu haina kitu. Ukiuliza sababu unajibiwa kwamba fulani alipendelea kasi na fulani akapendelea kinga, basi.

Jibu hilo halinitoshi, maana kazi yangu ni kukadiria chuma katika karakana ya kuchomelea hapa Mombasa. Bamba la unene wa milimita 10, mita moja ya mraba, lina kilo 78 na nusu. Hesabu hiyo naifanya kila siku. Nikaamua kuisanifu kruza yangu mwenyewe kwenye Excel, mstari kwa mstari, mpaka tani 10,000 ziishe.

Kabla ya chuma ilibidi nijue tani yenyewe ni ipi. Tani ya mkataba ni ile ya Kiingereza, kilo 1,016. Meli inapimwa ikiwa tayari kwenda baharini, pamoja na mabaharia, makombora, chakula na maji ya kunywa, lakini bila mafuta na bila maji ya akiba ya boila. Hapo nilisimama kwa muda. Kruza za Kiingereza za daraja la County (daraja ni kundi la meli za usanifu mmoja) zilibeba zaidi ya tani 3,000 za mafuta, na zote hizo hazikuhesabiwa! Kwa dola iliyokuwa na njia za bahari kutoka Atlantiki mpaka Hong Kong, safari ndefu ilikuja karibu bure. Ndiyo maana meli zile ni ndefu, zina ubavu mrefu juu ya maji na dohani tatu, na ziliweza kukaa baharini muda mrefu bila kuhitaji bandari.

Namba 10,000 nayo ina asili yake. Waingereza walikuwa na kruza mpya za daraja la Hawkins, zenye tani karibu 9,800 na mizinga ya inchi 7.5, na hawakuwa tayari kuzivunja. Kiwango kikawekwa juu yake kidogo. HMS Hawkins yenyewe ilikuwa pwani ya Somalia mwaka 1941, pamoja na HMS Shropshire ya daraja la County, zikiwasaidia wanajeshi waliotoka Kenya kuwaondoa Waitalia.

Sasa jedwali. Gamba la meli na vyombo vyake vyote nililiwekea tani 5,300. Silaha nilizipa 1,100: mizinga minane katika tureti nne (vibanda vya chuma vinavyozunguka na mizinga), pamoja na makombora. Kombora la Kiingereza la inchi 8 ni kilo 116, kwa hiyo makombora 150 kwa kila mzinga ni tani 137 peke yake. Watu na mahitaji yao, 500. Mitambo nikaikadiria kwa nguvu za farasi 45 kwa kila tani. County zilikuwa na nguvu 80,000 na mwendo wa maili 31.5 za bahari kwa saa, basi nikaandika tani 1,800. Jumla 8,700. Deraya imebakiwa na tani 1,300.

Hapa ndipo nilipokaa sana. Kruza za Kiitalia za daraja la Zara zilikuwa na milimita 150 ubavuni na 70 kwenye sitaha. Nikachukua urefu wa mita 110 unaofunika mitambo na maghala ya baruti, na ukanda wa kimo cha mita 4. Pande mbili zinatoa mita za ujazo 132 za chuma, ambazo ni tani 1,020 za mkataba. Sitaha ya upana wa mita 18 inaongeza 1,071. Jumla inapita 2,090, wala sijagusa tureti. Nimeshazidisha karibu tani 800! Kwa hesabu hiyo tu, mtu yeyote wa karakana angewaambia wanadiplomasia kwamba Zara haiwezi kuwa tani 10,000. Na kweli ilikuwa zaidi ya 11,500. Mwaka 1936 Gorizia, meli ya daraja lilelile, iliharibiwa na mlipuko wa petroli ya ndege, ikaingia guduni, mahali pa kutengenezea meli, huko Gibraltar, kwa Waingereza wenyewe, na wakatambua kwamba uzito wake umepita ule uliotangazwa.

Waingereza waliupanga uzito wao kwa namna niliyoiheshimu nilipoiingiza kwenye jedwali. Ubavu wa mitambo waliupa inchi moja tu, kisha wakajenga sanduku la zaidi ya inchi 4 kuzunguka maghala ya baruti. Boila ikipigwa, meli inapunguza mwendo. Baruti ikilipuka, hakuna meli tena.

Kasi ni mlaji mbaya zaidi. Nguvu inayohitajika hupanda angalau kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Trento ya Italia ilitafuta maili 35, ikawekewa nguvu za farasi 150,000. Kwa kipimo changu hiyo ni mitambo ya tani 3,300, na deraya yangu yote imekwisha. Duquesne na Tourville za Ufaransa, zenye nguvu 120,000, zilipata deraya isiyofika tani 500 kwa meli nzima.

Pensacola ya Marekani ilinishangaza kwa upande wa pili: ina mizinga kumi, na bado ikatoka na tani 9,100. Wasanifu waliogopa mno kuvuka kiwango, wakaacha tani 900 bila kutumika huku meli ina deraya nyembamba. Mkadiriaji yeyote huweka akiba, lakini akiba hiyo ingenunua deraya nyingi.

Wajapani ndio walionifunza ufundi. Msanifu wao wa manowari, Hiraga Yuzuru, hakuining'iniza deraya juu ya gamba. Aliifanya iwe sehemu ya gamba, ibebe mzigo wa meli huku ikiikinga. Sitaha ya juu aliiacha ishuke na kupanda kama wimbi, bila kukatwa mahali popote, kwa kuwa kila mkato unadai chuma cha kuuimarisha. Nilifuta mamia ya tani kwenye mstari wa gamba kwa kufuata wazo hilo. Hata hivyo wakubwa wa jeshi la majini walidai topido ambazo Hiraga alizikataa, na kruza yake Myoko ikatoka karibu na tani 11,000. Baadaye Mogami, kruza nyingine ya Kijapani, ikajaribu kuokoa uzito kwa kuchomelea, na dhoruba ya Septemba 1935 ikalipasua gamba lake. Chuma kigumu kilichochomelewa vibaya hupasuka pembeni mwa mshono. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kruza yangu ilitimia nilipoibana mitambo mpaka sehemu ya kukingwa ikawa mita 95: milimita 80 ubavuni, 40 sitahani, karibu tani 1,000, na zilizosalia zikaenda kwenye tureti. Mwendo ni ule wa County. Ingestahimili mizinga ya inchi 6, si zaidi. Bomu la ndege ni jambo lingine. Cornwall na Dorsetshire, kruza za County, zilizamishwa na ndege za Japani karibu na Ceylon (Sri Lanka ya leo) tarehe 5 Aprili 1942, na baada ya hapo meli za Kiingereza zikahamia hapa kwetu Kilindini.

Sasa nimefungua jedwali jipya. Mkataba wa London wa 1936 ulisimamisha kruza nzito na kushusha kiwango hadi tani 8,000 kwa mizinga ya inchi 6.1. Waingereza wakajaribu kubana mizinga 12 ya inchi 6 ndani ya uzito huo, katika daraja lenye meli iitwayo HMS Kenya. Nimeshaingiza tureti nne za mizinga mitatu mitatu, na mstari wa gamba tayari unanisumbua.