Vile chupa ya soda ilituliza ubishi wa tabianchi kwa kinyozi yangu

Redio ilisema "mabadiliko ya tabianchi" jioni moja nikiwa namnyoa jamaa wa boda, na huyo jamaa akacheka mpaka ikabidi nimetoa mashine kwa kichwa nisije nikamkata. Akauliza, "Kwani hii nchi ilianza tabia mbaya lini? Si imekuwa nayo siku zote?" Watu wote waliokuwa kwa benchi wakacheka, na mimi pia, lakini nilibaki nikijiuliza mbona hiyo kitu inatuumiza hivi na hatuwezi kuiongelea bila kufanya mzaha ama kupigana.

Maana ilikuwa imeniumiza. Kinyozi yangu iko Umoja, viti viwili, kioo kirefu, benchi ya kungojea. Aprili 2024 maji yaliingia usiku, nikafungua mlango asubuhi nikapata benchi imeelea mpaka kwa kioo, ekstensheni ilikuwa sakafuni kama kawaida yetu, mashine mbili zimeenda, taulo zote ni matope. Na mimi nilikuwa na bahati, kwa sababu mvua za msimu huo ziliua karibu watu 300 nchi nzima, wengine hapa hapa Nairobi kando ya mito. Kwa hivyo nikifungua tena, stori ilikuwa moja tu mwezi mzima. Kuna wale wa "ni mitaro imezibwa na takataka", kuna wale wa "ni Mungu amekasirika", kuna mmoja wa "ozoni imetoboka", ile tabaka ya gesi huko juu inayotukinga na miale mikali ya jua, na kuna Mzee wetu mmoja, huja kila Jumamosi kunyolewa ndevu, yeye hukaa kimya mpaka wote wamalize halafu anasema, "Vijana, mvua ya 1961 hamkuiona. Hii yenu ni manyunyu."

Mimi hupenda kusoma vitu za sayansi kwa simu wakati hakuna mteja, kwa hivyo nikajipa kazi ya ualimu. Nilifeli vibaya. Nilianza na ile picha ya dubu mweupe amesimama kwa kipande cha barafu, mtu akaniuliza dubu akifa huko kwao inamhusu nini mtu wa Umoja, na kusema ukweli sikuwa na jibu. Ningeanza na Mlima Kenya afadhali, barafu ya Lewis, ile kubwa ya huko juu, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, hiyo angalau ni yetu.

Halafu nikasoma kuhusu mwanamke mmoja Mmarekani, Eunice Foote, ambaye 1856 alichukua mitungi ya kioo, akaweka hewa ya kawaida kwa mmoja na hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, kwa mwingine, akatia vipimajoto, akaanika juani, na ule wa hewa ukaa ukapata joto zaidi na ukachelewa kupoa. Nikasema hii nitafanya hapa nje watu waone. Nikanunua siki na soda ya kuoka, hizo zikikutana hutoa hewa ukaa, chupa mbili, vipimajoto viwili vya bei ya chini. Povu ikamwagika, kinyozi ikanuka siki mpaka mteja mmoja akaniuliza kama sai nauza kachumbari, na baada ya nusu saa juani vipimajoto vikasoma sawa. Sawa kabisa! Baadaye nilielewa kwamba kwa chupa ndogo zinazovuja, na vipimajoto vya kubahatisha, hiyo tofauti ni ngumu kuiona, lakini nani alitaka kusikia hiyo. Mzee alisema tu, "Endelea kunyoa, kijana yangu."

Kilichonitoa hapo ni hasira. Siku moja tulikuwa tunabishana kama mvua ya usiku ilikuwa kubwa ama ndogo, kila mtu na yake, nikagundua hakuna mtu hata mmoja hapo aliyekuwa na namba. Tunapigana na maneno matupu. Nikachukua chupa ya soda ya lita 2, nikakata pale kuta zinaanza kubana kuelekea shingo, ile sehemu ya juu nikaigeuza ikawa mfereji wa kuingizia maji, chini kwa sababu chupa haiko bapa nikamwaga kokoto na maji mpaka pale kuta zinanyooka, hapo ndipo sifuri, halafu nikabandika rula kwa seloteipu. Hicho ni kipimamvua, na hakuna maajabu mengine. Unasoma kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile watu wa Idara ya Hali ya Hewa husoma vyao, unaandika, unamwaga mpaka sifuri.

Usiku wa kwanza ikasoma karibu milimita 180. Nikatangazia kila mtu, hata mama mboga, kwamba tumepata mvua ya kuvunja rekodi. Kumbe nilikuwa nimeiweka chini ya ukingo wa mabati, imekunywa maji ya paa zima. Wiki iliyofuata nikaihamisha juu kwa sakafu ya kuanikia nguo, wazi, mbali na kuta, nikaifunga kwa nondo. Ikasoma milimita 30 siku ambayo hakukunyesha hata tone, hapo nikajua mtoto wa keateka ameijaza na maji ya bomba. Nilimpa kazi ya kuilinda na haijaguswa tena.

Sasa, milimita peke yake haimwambii mtu kitu. Ukiambia mteja "milimita 50" anaona rula ya mtoto, sentimita tano, anashangaa hiyo inaweza kufurikaje. Siri iko hapa: milimita moja ya mvua ikianguka kwa mita moja mraba ni lita moja ya maji. Basi. Nikapima paa la mabati juu ya laini yetu ya maduka na tepu ya fundi, mita 10 kwa 6, hiyo ni mita mraba 60. Kuna asubuhi moja chupa ilisoma 50. Nikafanya hesabu kwa chaki pale kwa ukuta, 60 mara 50, lita 3,000, gawa kwa mtungi wa lita 20, mitungi 150. Mitungi 150 ya maji imeanguka kwa paa moja dogo usiku mmoja tukiwa tumelala. Kinyozi ikanyamaza. Yule wa boda akauliza, "Na hizo paa zingine zote?" Sasa hiyo ndiyo ilikuwa swali.

Kutoka hapo nikaacha kuongea maneno makubwa, nikawa naongea mitungi. Nikawaambia hivi: hewa ni kama taulo, na hewa yenye joto hunyonya maji mengi kuliko ya baridi, kila digrii moja ikiongezeka hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Dunia imeshaongeza zaidi ya digrii moja kutoka zile siku za 1850 mpaka 1900, na wastani wa mwaka 2024 ulipita digrii moja na nusu. Asilimia 7 ya mitungi 150 ni kama mitungi 10. Si kusema kila mvua inaongezewa mitungi 10 kamili, mvua haina mizani namna hiyo, lakini mawingu yakipata nafasi ya kumwaga, kuna zaidi ya kumwaga. Na mtaro kama uwezo wake ni mitungi 150, zile 150 za kwanza hazina shida na mtu, ni zile 10 za kuongezwa hazina pa kwenda, na hizo ndizo zilikuja kukaa kwa kiti changu. Wale wa takataka wakaruka, "Si tulisema ni mitaro!" Ndiyo, mlisema, na mko sawa. Takataka inapunguza mtaro, joto linaongeza maji, nani alisema lazima tuchague moja?

Joto lenyewe nilielezea na blanketi, na hapo sikuhitaji siki. Blanketi haina moto, inazuia tu joto lako lisitoroke. Hewa ukaa, ile inatoka tukichoma makaa ya mawe, petroli, dizeli, inafanya hivyo kwa dunia. Kabla ya viwanda ilikuwa kama chembe 280 kwa kila milioni za hewa, mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, 1958, ilikuwa karibu 315, sai imepita 420. Yaani imeongezwa nusu ya ile ya zamani. Jamaa mmoja wa duka la simu akasema 420 kwa milioni ni kitu kidogo sana, nikamwambia hata pilipili kwa sufuria ya githeri ni kidogo, na hewa nyingine karibu yote, naitrojeni na oksijeni, inaachilia joto lipite tu, kwa hivyo kazi yote inafanywa na hivyo vidogo. Ile ya ozoni nikamalizana nayo haraka, hiyo ni kesi ingine, ya gesi za friji na za makopo ya kupuliza, mataifa walikubaliana 1987 kuziacha na hilo tundu linapona polepole.

Ngumu ilikuwa Mzee. Siku hiyo aliniuliza maswali mawili nikiwa na wembe shingoni mwake, nadhani alifanya makusudi.

La kwanza: "Kama joto linaongeza mvua, mbona ng'ombe wa watu walikufa na ukame?" Ni kweli, kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikifeli, kaskazini mizoga ilikuwa imejaa kando ya barabara. Nikamwambia taulo ni ile ile, Mzee. Hewa yenye kiu ikikosa maji baharini itanyonya kwa udongo, kwa majani, kwa dimbwi la ng'ombe. Mwaka 2023 wanasayansi, Joyce Kimutai wetu wa hapa Kenya akiwa miongoni mwao, walihesabu kwamba ukame kama ule umefanywa uwezekane mara 100 zaidi kwa sababu ya hili joto, na sababu kubwa ni huko kunyonywa.

La pili: "Na 61? Nani alikuwa amechoma petroli 61?" Hapa nilikubali. Mvua ya 61 ilikuwa kubwa kweli, Bahari Hindi upande wetu ilikuwa imepata joto kuliko upande wa Indonesia, na hiyo hutokea yenyewe, ilitokea pia 1997, na 2019, na 2023. Lakini nikamuuliza, "Mzee, wewe umewahi cheza kadi?" Akasema zamani. Pakiti iko na jokeri mbili, tuseme hizo ndizo mvua kama ya 61, na mtu akikupiga jokeri unaokota kadi tano. Sasa fikiria kuna mtu anaongezea jokeri kwa pakiti kila mwaka kimya kimya. Ukipigwa leo huwezi jua kama ni ile jokeri ya zamani ama ya kuongezwa. Lakini mchezo mzima utaokota, utaokota, mpaka mkono ujae. Mzee akafikiria hiyo kwa muda, nikamaliza kidevu, akasema, "Na huyo anayeongezea, yeye haokoti?" Nikacheka peke yangu. Hilo nalo ndilo linaniuma, maana Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, stima yetu Kenya nyingi inatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji na upepo, halafu mtu anakuja kumwambia mama wa jiko la makaa ati yeye ndiye shida. Sikubali, na mteja akileta hiyo kwangu namnyoa haraka aende.

Faida ya pesa ilikuja kwa mwenye ploti. Tangu mafuriko nilikuwa nimemuomba gata, hasikii. Nikaenda na daftari la chupa badala ya malalamiko. Nikamuonyesha mitungi 150, na hapa kwetu maji yakipotea mtungi ni bob 20, kwa hivyo hiyo ni bob 3,000 imeteremka kwa paa lake usiku mmoja ikaenda kubomoa ukuta wake. Alisoma hiyo daftari mara mbili. Gata ikawekwa na tangi la lita 1,000. Mimi nikainua kizingiti tofali mbili na ekstensheni ikapanda ukutani. Kosa langu ni kwamba nilisahau hesabu yangu mwenyewe, paa la mita mraba 60 linajaza tangi la lita 1,000 na milimita 17 tu, na hatukuweka bomba la kumwaga ziada. Mvua ya kwanza kubwa tangi likajaa kabla ya saa nne usiku na maji yote yakaenda moja kwa moja kwa kibanda cha mama mboga. Sukuma yake ilipatikana kwa steji. Nilimlipa, na bomba likawekwa kesho yake, linaelekea mtaroni, ambao tuliuzibua wenyewe.

Novemba nilienda ushago siku nne na nikamwachia Mzee daftari kwa sababu yeye ndiye alikuwa anauliza "leo ngapi?" kabla hata ya salamu. Nikirudi nikapata ameandika kwa mwandiko wa zamani, wa kulala, kila siku saa tatu kamili, lakini kwa inchi. Siku ya tatu ilikuwa na "inchi moja na robo", na chini yake kwa herufi ndogo: "Chupa ilikuwa imeinama. Nimeinyoosha."